Kibao cha Sindano Hailali

Tarehe 4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini wewe, cherehani na mpiga pasi wako hamjambo.

Herufi zimekwisha. Ndiyo, zilezile ulizokuwa ukiniuliza kila nikija nyumbani, "Hivi mtu mzima anachora A mpaka lini?" Zimekwisha. Bosi alizitandaza juu ya meza kubwa ya ofisi, akazizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akanung'unika kwamba mkia wa Q unamkera, kisha akasema haya, zitoke. Mwisho wa Juni zinatoka, na yeyote mwenye kompyuta ataweza kuandika kwa herufi hizo. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka alivyoisema Q yangu, nikaghairi.

Nikueleze zilivyo, maana kibao cha kwanza ni chako. Kila herufi ina mistari minene na mistari myembamba, na hakuna cha katikati. Mnene ni mnene kweli, umesimama kama nguzo ya baraza. Mwembamba ni kama uzi wa kushonea hariri. Kila mstari unamalizikia kwenye kijiguu chembamba kilichokatwa bapa. Uzuri wote uko kwenye hiyo tofauti. Hizi ni herufi za kuvalia shughuli, si za kufulia. Ni za jalada la kitabu, za bango, za jina la duka. Ukizitumia kuandikia maelezo ya dawa kwa udogo ule, mgonjwa atakufa bado anasoma. Lakini zikikaa kubwa, mama, zinamsimamisha mtu njiani. Nimeziita Uzi. Usiniulize kwa nini, unajua.

Karatasi iko humu ndani, nimeandika jina la duka, SINDANO HAILALI. Kibao cha sasa kimechubuka mpaka kinasomeka DANO LALI. Mchora mabango wa njia panda nimeshazungumza naye, anangoja neno lako tu. Nataka kitundikwe kabla herufi hazijatoka, ili mlango wa kwanza kuzivaa uwe wako. Sema ndiyo. Neno moja tu, mama.

Na chumba chako huku bado kipo. Ulisema mwenyewe kwamba siku utakayoshindwa kutunga uzi kwenye sindano, utafunga duka uje. Sikuharakishi, nakukumbusha tu.

Wako,
Kibiriti


Tarehe 16 Februari

Kibiriti,

Marahaba. Mimi sijambo. Cherehani haijambo. Mpiga pasi ana mafua na anayatangaza mtaa mzima.

Karatasi imefika. Nimeiangalia nimesimama, nimeiangalia nimekaa. Sasa nikuulize, mbona hukumaliza? Umesimamisha nguzo ukaondoka. Neno la pili lote ni uzio. Nguzo, nguzo, ubao umeegemea, nguzo, nguzo. H yako ni watu wawili walionuniana. L haina mguu. Ndivyo ulivyokuwa tangu mdogo, nikikupa upindo umalizie, unafika nusu, nikigeuka nakukuta umepanda ukuta. Watu watakuja kuniuliza kama siku hizi nauza mbao.

Minene nimeiona. Mizuri, ina heshima. Malizia kazi.

Ile simu uliyonipa nimeirudisha kwenye boksi lake. Kioo kina ukungu, walikuuzia mbovu. Na sindano nazo, viwanda vya siku hizi vina ubahili hata wa matundu. Lakini natunga vizuri, usianze.

Nawe uandike kwa herufi kubwa. Unaandika kama mtu anayelipia wino.

Mama yako


Tarehe 27 Februari

Mama,

Shikamoo.

Zimeunganishwa. Zote. H imeshikana katikati, L ina mguu mrefu tu, A zina miguu miwili na mkanda kiunoni kama watu. Mistari ndiyo hiyo myembamba niliyokueleza! Nilikueleza ukurasa mzima! Nimetumia miaka kuifanya iwe myembamba hivyo bila kukatika, nikiamka naisogeza upana wa unywele, nikilala naota nimeisogeza vibaya, halafu unaniambia nimesahau kuiweka. Nilisoma barua yako ofisini nikapiga meza, chai ikamwagikia karatasi za bosi. Kwa hiyo sasa ana la kusema juu ya Q na la kusema juu ya chai.

Nimekuchapia nyingine, kubwa kama meza yako ya kukatia. Mtafute mtu ashike upande wa pili. Itazame mchana, mlango ukiwa wazi, si kule nyuma kwenye majora ya vitambaa.

Na wewe unayenisema kwa kuandika vidogo, barua yako ilikuwa na maneno matano kwa kila ukurasa, kwa kalamu ya kuandikia maboksi! Karani wa posta aliona bahasha akadhani ni tangazo la mnada. Nani anakuchokoza mpaka unaandika kwa kelele hivyo?

Mchora mabango ananipigia kila siku. Neno moja tu, tafadhali.

Kibiriti wako


Tarehe 9 Machi

Kibiriti,

Marahaba. Nilikuwa na uzio mdogo, sasa umeniletea uzio mkubwa.

Mpiga pasi alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, mlango uko wazi, jua limeingia mpaka chini ya cherehani. Nguzo zimekua. Katikati yake hakuna kitu. Nikamuuliza mpiga pasi, unaona nini? Akasema pasi yake inaungua, akakimbia. Kumbe pasi ilikuwa imezimwa.

Usinifanye mtoto. Mimi nimekula kwa sindano maisha yangu yote na wewe umekula humo humo. Mshono uliofichwa naujua, na mshono ambao haupo naujua. Hii mistari yako haipo. Kama huko ofisini wanakuambia ipo, wanakuogopa.

Na kalamu ninayotumia ni kalamu yangu. Naandika ninavyotaka.

Watu nao wamekuwa wakavu. Mwalimu mkuu wa shule ya hapo mbele, yule mama, kachukua suti yake mpya. Zamani akivaa nguo yangu alikuwa anajizungusha kwenye kioo mpaka wateja wengine wanakohoa. Safari hii kajitazama, kasema ahsante fundi, kaondoka nayo mwilini. Hata hakugeuka kutazama mgongo.

Kile kibao acha kichubuke. Wanaonijua wananijua.

Mama


Tarehe 18 Machi

Kwa Kaka Mpiga Pasi,

Salamu sana. Nimekupigia simu tangu wiki iliyopita, inaita mpaka inachoka. Jana ulipokea, ukasema "alo", ukasikia sauti yangu, ikakatika. Usiniambie ni mtandao. Nilisikia ukisema "yallah!" kabla haijakatika.

Nina swali moja, na nimeliandika ili usilikimbie. Karatasi niliyomletea mama, ile kubwa uliyoshika upande mmoja, ina mistari myembamba au haina? Sikuombi uamue ugomvi wetu. Nataka nijue kama huku mitambo inanidanganya. Nimeanza kuamka usiku kuangalia H.

Dada yako,
Kibiriti


Tarehe 25 Machi

Dada Kibiriti,

Nimepokea salamu zako, na mafua yangu yanaendelea vizuri, ahsante kwa kutouliza.

Mistari ipo. Naiona. Myembamba na mizuri, ya A inapanda kama mtu anayekwenda kuomba mchumba. Mitambo yako haina kosa.

Zaidi ya hapo, dada, usiniulize. Mimi nimewekwa katikati yenu kama ubao wa kupigia pasi, huyu ananiwekea moto na huyu ananiwekea moto. Mama kaniapisha, na wewe unaniandikia barua. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe ni mimi, tena nina mafua. Kazi yangu ni kunyoosha. Nguo ikija imepinda nainyoosha, ikirudi imepinda nainyoosha tena. Ila kuna vitu pasi haiviwezi.

Mpende mama yako. Njoo umwone.

Mpiga Pasi

Nyongeza: Usimwambie nimejibu.


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Mistari ipo. Nimemuuliza mtu mwenye macho, anaiona vizuri. Usimtafute ni nani, duka lako lina watu wawili tu na mmoja ni wewe.

Kwa hiyo sasa nimeelewa. Ugomvi huu hauhusu herufi. Ni mimi. Hujanisamehe kuondoka. Uliniwekea cherehani ya pili ubavuni mwako, ukaniambia tutashona pamoja mpaka uzee, nami nikaifunika kitambaa nikaja huku kuchora A. Basi chochote nitakachokuletea kitakuwa na kasoro. Ningekuletea herufi za dhahabu ungesema zimepauka. Nina watu wengi wa kunikosoa, mama, nalipwa mshahara nikosolewe. Nilitaka jambo moja tu maishani, kwamba kitu nilichokifanya kwa mikono yangu kisimame juu ya mlango wako, upite chini yake kila asubuhi. Naona nimeomba makubwa.

Nimeongeza unene wa mistari kidogo. Bosi hajui, akijua ataniua. Karatasi ndiyo hiyo, na ni ya mwisho. Ukisema hapana, nitamwambia mchora mabango aache, wala sitalitaja tena.

Nimechoka kweli.

Kibiriti


Tarehe 4 Aprili

Mama,

Haraka haraka. Karatasi niliyokutumia juzi itupe, usiitazame! Nimegundua leo kwamba nimetuma isiyo yenyewe. Sisi huku tunachora minene peke yake na myembamba peke yake, kama wewe unavyokata mwili wa gauni na mikono mbalimbali, mwisho ndiyo tunaviunganisha. Kwa hasira zangu nilichapa minene tu kabla ya kuunganisha, nikaitia kwenye bahasha. Kwa hiyo safari hii ulichonacho ni uzio kweli. Najua utacheka. Cheka, una haki.

Yenyewe iko humu.

Kibiriti, mwenye aibu


Tarehe 11 Aprili

Kibiriti mwanangu,

Marahaba.

Barua yako ya hasira imefika leo asubuhi. Nimeisikia yote, mpaka ile sehemu ya cherehani ya pili. Mpiga pasi alijifanya anakohoa.

Hujawahi kunikosea kwa kuondoka. Sikiliza vizuri, maana mimi si mtu wa kurudia. Cherehani yako naifuta vumbi kila Jumamosi, si kwa sababu nangoja urudi, ila kwa sababu ni yako. Ukiniambia sikitaki kitu ulichofanya kwa mikono yako, unanikata na mkasi.

Karatasi mpya nimeipeleka mlangoni kwenye jua, nikaitazama kwa utulivu. Sasa nimeiona mistari. Ipo. Imekaa mahali pake, myembamba kama uzi wa hariri, kama ulivyosema. H imeshikana mikono. L imepata mguu. Siku zile nilikuwa na haraka, na vumbi lilikuwa jingi. Ulikuwa sahihi, mimi nilikosea. Hii ya leo ni nzuri kuliko zote.

Mwambie mchora mabango aje. Ndiyo. Neno lako hilo, umelipata.

Mama yako anayekupenda


Tarehe 20 Aprili

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa.

Naona ile yangu ya tarehe nne haikuwa imefika ulipoandika. Pengine sasa umesomewa, maana nimeshajua kwamba unasomewa. Kama bado, mwambie mpiga pasi asome hapa polepole na asikohoe.

Karatasi uliyoisifu haina mstari mwembamba hata mmoja. Nilikosea, nikatuma minene peke yake. H haikushikana mikono, mama. L haina mguu. Tangu Februari unaniambia ni uzio na haikuwa uzio. Siku nilipokutumia uzio wenyewe ndiyo siku uliyoniambia umeona uzi.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga sakafuni. Kioo cha simu kina ukungu. Matundu ya sindano yamepungua. Vumbi jingi. Kalamu ya maboksi. Maneno matano kwa ukurasa. Kumbe kila barua ulikuwa unanieleza, na mimi nakujibu habari za H!

Nina hasira na wewe. Wewe ndiye uliyenichapa nilipoficha kidonda cha mguu, ukaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mpiga pasi naye nina hasira naye, mwambie. Na nikifika pale unaposema "ndiyo" hasira yote inaniishia, nabaki kulia tu. Umekubali kitu usichokiona ili nisidhani hunipendi. Sijawahi kupewa neno zito kama hilo, na silitaki. Nakurudishia. Utanipa tena ukiona.

Nakuja mwezi ujao. Usifunge duka. Usipakie hata kitambaa kimoja. Sijui nani alikutia hofu kwamba nitakubeba, na kama ni mimi na utani wangu wa chumba, nisamehe. Nakuja kukupeleka kwa daktari wa macho, basi.

Tangu lini, mama?

Kibiriti


Tarehe 29 Aprili

Kibiriti,

Anaandika mpiga pasi, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze lake.

(Shikamoo dada, sijaongeza kitu.)

Tangu mvua za mwaka jana. Kwanza nilidhani ni taa za dukani. Nikabadilisha taa. Halafu nikadhani ni uzi mweusi wa siku hizi. Halafu nikajua, nikanyamaza. Nilijisemea mwenyewe kwamba siku nitakayoshindwa kutunga sindano nafunga duka. Nilisema kwa kiburi, wakati natunga gizani. Maneno yakanirudia. Mpiga pasi ndiye anayetunga.

(Natunga tangu wakati huo, dada, na vidole vyangu ni vya pasi si vya sindano. Vimetoboka.)

Nimesema asiongeze.

Chumba chako ni kizuri, nimekiona. Kiko ghorofani, dirisha linatazama dirisha la mtu mwingine. Nitakaa pale nifanye nini? Nikusikilize ukipanda ngazi jioni? Hapa hata nisipoona, najua nani kapita kwa viatu vyake. Kiti kina umbo langu. Ukinitoa kwenye cherehani, Kibiriti, utakayekwenda naye huko si mimi.

Kwa daktari nitakwenda. Naogopa, hilo nalo liandike. Akisema macho yanatibika, nabaki dukani kwangu na hakuna mtu wa kunigusa. Akisema hayatibiki, natimiza ahadi. Nitakuja mwenyewe, wala hutanisikia nikilalamika.

(Atalalamika.)

Ile karatasi ya uzio nimeihifadhi. Uongo wangu wote uko juu yake, sitaki uzagae.

Mama

(Na mimi samahani, dada. Kiapo ni kiapo.)


Tarehe 20 Juni

Kibiriti,

Sijambo. Dawa ya matone natia, usiniulize tena. Mpiga pasi ananisimamia kama mkunga. Kile kitambaa cheusi ulichonifunga juu ya jicho siku uliyoondoka nimekikatia mfuko wa vifungo.

Ulipopanda basi bado kila kitu kilikuwa kinaogelea, na ulinikuta na hasira zangu, nikakugombeza kwa ajili ya supu. Supu ilikuwa sawa. Chumvi kidogo tu.

Yule daktari alisema mtoto wa jicho, nikamwambia nimeshalea mmoja msumbufu, huyu mwondoe. Naye kamwondoa. Jicho la pili ni mwezi wa tisa. Lakini hili moja linatosha kunikera, utaona.

Kibao kimetundikwa juzi. Nilimkataza mchora mabango asinionyeshe kikiwa chini. Alipomaliza nikavuka barabara nikiwa nimeinamisha kichwa, nikafika upande wa pili, ndipo nikageuka.

Ipo. Yote. Mkono wa H umenyooka kutoka nguzo hii mpaka ile, mwembamba mpaka niliogopa upepo. Miguu ya A, na vile vijiguu bapa ambavyo hata hukunieleza vizuri. N inashuka kama mtu anayeteremka ngazi na gauni refu. Nilisimama pale mpaka kijana wa pikipiki akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia, "Niache, nasoma." Ni maneno yangu mawili, nayajua tangu kabla hujazaliwa, na nilikuwa nayasoma.

Lile neno ulilonirudishia, sasa nakupa. Ndiyo.

Ila S ya mwanzo imeegemea nyuma kidogo, kama mtu aliyeshiba. Iangalie kabla hujaitoa.

Sasa sikia kilichonipata. Nikiwa bado ng'ambo ya barabara, mwalimu mkuu akapita kwenda shuleni kavaa suti yangu. Mwanangu, kola inakwenda kushoto. Mfuko mmoja umempita mwenzake. Mshono wa mgongo unatambaa kama njia ya mbuzi. Na juu ya hayo yote pasi imepita kwa upendo, kila kitu kimelala bapa, kimenyooka, kimepinda.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwalimu, hii nani kakushonea?"

Akasema, "Wewe, fundi."

"Na unaivaa?"

"Kila Jumatatu."

"Kwa nini hukusema?"

Akanitazama, mimi nikamwona uso, nilikuwa sijauona siku nyingi, kazeeka kidogo. Akasema, "Ningesema, ungefungua duka kesho yake?"

Nisingefungua. Alijua. Kumbe nusu ya mtaa imevaa makosa yangu mwaka mzima, wanapishana nayo barabarani na hakuna aliyenong'ona. Mpiga pasi alikuwa anafumua mabaya zaidi na kuyarudia kwa mkono nikienda kula, na yeye hajui kushona! Nimemgombeza mpaka mafua yamerudi. Nimemgombeza mwalimu. Nimekasirika na kila mtu, sijui hata nikasirike na nani kwanza. Halafu nikaingia nyuma ya pazia la kupimia nikalia. Hilo usimwambie mtu.

Koti nilimvua palepale barabarani. Kaenda shuleni na blauzi. Nimelifumua lote, mpaka bitana, nimelikata kola upya. Sindano nimetunga mwenyewe. Uzi uligoma mara ya kwanza, ukagoma ya pili, ukapita. Kwa hiyo kile chumba chako tafuta mpangaji. Mlangoni nimebandika karatasi, aliyeshonewa hapa tangu mvua za mwaka jana alete nguo nimrekebishie. Foleni imefika kwa kinyozi. Yule mwalimu kaja na nyingine tatu, mnafiki mkubwa.

Mama yako


Tarehe 30 Juni

Mama,

Shikamoo.

S haijaegemea. Nimeipima kwa rula, nimeipima kwenye kompyuta, nimemwita bosi naye akaizunguka kama kawaida yake, akasema S haina neno, ila Q bado inamkera. Kama inaegemea huko, basi mchora mabango ametundika kibao upande, au wewe umesimama upande. Simama sawa uangalie tena.

Herufi zimetoka jana. Sasa ziko kila mahali, na S yake imenyooka. Ukiendelea kubisha, nami nitaendelea. Nilikuwa nimesahau raha ya kugombana na wewe juu ya kitu ambacho sote wawili tunakiona.

Mwezi wa tisa nakuja kwa ajili ya jicho la pili. Itoe kitambaa cherehani yangu. Foleni kama imefika kwa kinyozi, huwezi peke yako, na upindo siku hizi namalizia.

Barua yako ilienea upande mmoja wa karatasi. Umebana maneno mpaka pembeni, nikalazimika kuisogeza dirishani ndipo niisome. Usibadilishe kalamu.

Kibiriti